Dodgers, Braves au Rays: Ushike Timu Gani Wakati Bei ya Nyota Inapaa?

Mwenzangu wa zamu ya usiku hapa New Jersey, Mdominikana, ana jezi nne za Juan Soto. Zote namba 22, na hakuna mbili zinazofanana: nyekundu ya Nationals, ya kahawia ya Padres, ya mistari ya Yankees, ya buluu ya Mets. Soto aliingia ligi kuu ya besiboli mwaka 2018 akiwa na miaka 19. Kufikia Desemba 2024, alipotia saini na Mets mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765, mwenzangu huyu alikuwa ameshahama timu mara tatu bila kutaka, na mkewe ametangaza kwamba jezi ya tano haitaingia mlangoni.

Basi mpwa wangu aliyehamia Des Moines, Iowa, aliponiandikia, "Shikamoo mjomba, huku kazini kila mtu anaongea besiboli, nishike timu gani?", nilizikumbuka hizo jezi kabla sijamjibu. Iowa haina klabu ya ligi kuu. Tena kwa miaka mingi mkazi wa huko aliyelipia huduma ya mtandaoni ya ligi alizuiwa kutazama moja kwa moja klabu sita za majimbo ya jirani, kila moja ikidai Iowa ni eneo lake. Kwa hiyo kijana hana timu ya nyumbani ya kumbana, anaweza kuchagua ya mbali.

Tukabaki na majina matatu, kila moja na njia yake ya kumpata nyota. Los Angeles Dodgers wananunua. Atlanta Braves wanamfunga kijana kwa mkataba mrefu kabla hajafika sokoni. Tampa Bay Rays wanamuuza kabla bei yake haijawashinda. Niliyomwambia mpwa nimeyapanga upya hapa kwa yeyote aliyekwama palepale.

Bei ilifikaje huku

Kama umekulia kwenye soka, kwanza weka kando ada ya uhamisho. Klabu ya besiboli ikimtaka mchezaji wa wenzake, kwa kawaida inatoa wachezaji wengine, mara nyingi vijana, na wanabadilishana. Njia nyingine ni kungoja awe mchezaji huru, na hapo pesa yote inakwenda kwake, klabu aliyotoka haipati ada.

Kuwa huru kunataka miaka sita ya utumishi katika ligi kuu. Mitatu ya mwanzo kwa kawaida unalipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Mitatu inayofuata mshahara unajadiliwa mwaka hadi mwaka, na mkishindwana mnakwenda kwa msuluhishi. Zamani hata huo mlango haukuwepo, klabu ilimshika mchezaji mpaka itakapochoka naye. Mchezaji Curt Flood alikataa kupelekwa Philadelphia mwaka 1969 kama mzigo, akaenda mahakamani, akashindwa mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliwapa ushindi wachezaji Andy Messersmith na Dave McNally, na kufuli likavunjika.

Tangu hapo ni kupanda tu. Alex Rodriguez alipopewa dola milioni 252 kwa miaka 10 mwaka 2000, watu walishika vichwa. Desemba 2023 Shohei Ohtani alipewa na Dodgers milioni 700, na mwaka mmoja baadaye Soto akamvuka. Ligi hii haina kikomo cha mishahara. Ina kodi ya anasa tu, inayomgusa anayevuka mstari fulani (dola milioni 241 kwa msimu wa 2025), na tajiri anailipa huku akiendelea kununua.

Nilimpa mpwa maswali manne, na timu zote tatu nimezipitisha humo humo. Jina lililo mgongoni kwako litadumu? Kombe liko karibu kiasi gani? Utatazama saa ngapi, na kwa pesa gani? Na siku mambo yakiharibika, utaumia vipi?

Jina la mgongoni

Kwa Dodgers jezi ni salama kuliko watu wanavyodhani. Timu inayonunua inanunua kwa miaka mingi. Ohtani yupo mpaka 2033. Mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) Yoshinobu Yamamoto alisaini miaka 12 kwa dola milioni 325. Mookie Betts waliyemtoa Boston Februari 2020 kwa kubadilishana walimpa miaka 12 na milioni 365 hata kabla hajawachezea mechi moja ya ligi. Na wasikudanganye kwamba pale hakuna mtoto wa nyumbani: Clayton Kershaw alicheza misimu yake yote 18 akiwa na jezi hiyo, akastaafu mwaka 2025.

Mkataba wa Ohtani niuelezee taratibu, maana ndio unaogombanisha watu. Ni dola milioni 70 kwa mwaka, lakini kila mwaka anachukua milioni 2 tu. Milioni 68 zinazobaki zinaandikwa kwenye daftari, kama la duka la mtaani, na Dodgers wataanza kulipa mwaka 2034 hadi 2043, bila riba. Kwa sababu pesa ya kesho haina uzito wa pesa ya leo, mkataba huo unahesabika kwenye kodi ya anasa kama takriban milioni 46 kwa mwaka, siyo 70. Tofauti hiyo wanaitumia kumsajili mwingine. Anayewachukia Dodgers anaita hila, anayewapenda anasema mchezaji mwenyewe ndiye aliyelipendekeza ili timu ipate wenzake wazuri. Mimi naona ni halali na inakera, vyote viwili. Wala hawakuanza wao: Mets kila tarehe 1 Julai wanampa Bobby Bonilla kama dola milioni 1.19, na wataendelea mpaka 2035, ilhali mara ya mwisho kuwachezea ilikuwa 1999.

Braves wana njia ya mkulima anayenunua shamba kabla barabara haijapita. Ronald Acuña Jr. aliingia kwao kutoka Venezuela kwa dola 100,000 akiwa kijana wa miaka 16. Aprili 2019, akiwa na miaka 21 na msimu mmoja tu nyuma yake, alisaini miaka 8 kwa milioni 100. Hazikupita wiki mbili, Ozzie Albies wa Curaçao akasaini miaka 7 kwa milioni 35, na wengi wakasema huyu kaibiwa mchana kweupe. Fanya hesabu: mshahara wa Acuña umefika milioni 17 kwa mwaka, wakati Soto, ambaye ni wa rika lake, wastani wake ni milioni 51. Lakini usimcheke Acuña. Mtoto aliyeanza na laki moja, akiwekewa milioni 100 mezani na goti bado zima, anasaini. Goti la kulia lilikatika mwaka 2021, la kushoto 2024.

Faida yake kwako shabiki ni kwamba unawaona wakikua, na mkataba wao unajulikana unaisha lini. Austin Riley yupo mpaka 2032, Michael Harris II mpaka 2030. Ila Braves wana mstari wao, na anayetaka zaidi ya mstari anaaga: Freddie Freeman alikwenda Dodgers, Dansby Swanson alikwenda Cubs, Max Fried alikwenda Yankees kwa milioni 218.

Kwa Rays usiandike jina, basi. Evan Longoria alikaa misimu kumi, akapelekwa San Francisco Desemba 2017. Blake Snell, David Price, Tyler Glasnow, Randy Arozarena, wote waliondoka wakiwa bado wana ladha. Kinachofurahisha pale ni mnyororo. Julai 2018 walimtoa mrushaji Chris Archer wakapata Glasnow, Austin Meadows na kijana Shane Baz. Glasnow akawa mrushaji wa kutisha, akakaribia bei ya soko, wakampeleka Dodgers Desemba 2023 wakarudi na Ryan Pepiot. Mchezaji mmoja amezaa timu nusu. Ukipenda kuona fundi akigeuza gari bovu kuwa daladala tatu, hapa utafurahi.

Kombe

Dodgers wamefika hatua ya mchujo ya Oktoba kila mwaka tangu 2013, na wamebeba ubingwa 2020, 2024 na 2025. Miwili ya mwisho mfululizo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Yankees wa 1998 hadi 2000. Ile fainali ya 2025 dhidi ya Toronto ilikwenda mechi ya saba na awamu za ziada, na aliyeimaliza kwa kurusha alikuwa Yamamoto, ambaye usiku uliotangulia alikuwa ameanza mechi ya sita. Hiyo ndiyo milioni 325 ikifanya kazi.

Hata hivyo kununua hakumaanishi kombe, na mfano uko mtaani kwangu. Mets walivunja rekodi ya mishahara mwaka 2023, wakashindwa kuingia mchujo, wakawatoa Max Scherzer na Justin Verlander kabla msimu haujaisha. Mwaka 2025, na Soto wao wa milioni 765, walikosa tena siku ya mwisho kabisa. Ubingwa wao wa mwisho ni wa 1986. Mwenzangu siku hiyo alikuja kazini na fulana ya kampuni.

Braves walichukua kombe 2021, Acuña akiwa na bandeji, na waliongoza kundi lao miaka sita mfululizo kuanzia 2018. Mwaka 2023 Acuña alivusha mpira nje ya uzio mara 41 na kuiba besi (kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa) mara 73, akawa mchezaji bora wa ligi yake. Kisha majeraha yakaja kwa pamoja, na 2025 wakakaa nyumbani Oktoba nzima. Timu iliyofunga mikataba mirefu na watu walewale haigeuki upesi wanapoumia.

Rays hawajawahi kuwa mabingwa. Wamefika fainali mara mbili, 2008 na 2020, wakapoteza zote. Lakini kati ya 2019 na 2023 waliingia mchujo miaka yote mitano, wakiwa kwenye kundi moja na Yankees na Boston, kwa mfuko ambao ni sehemu ndogo tu ya wa hao. Mwaka 2021 walishinda mechi 100. Ukipima ushindi kwa kila dola, wewe mwenyewe unajua jibu. Ukipima vikombe, kabati ni tupu.

Saa na mfuko

Hapa nitapita haraka, kwa sababu inategemea ulipo. Mechi za Dodgers nyumbani huanza saa moja usiku ya Los Angeles. Mpwa wangu Des Moines anazianza saa tatu usiku na kulala usiku wa manane. Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa anaikuta saa kumi na moja alfajiri, anatazama akinywa chai na kuimalizia njiani. Braves na Rays, wa mashariki ya Marekani, huanguka kama saa nane usiku kwa saa za Afrika Mashariki, saa mbaya kuliko zote kwa mwenye kazi asubuhi.

Kwa tiketi, kwa Dodgers jiandae. Mwaka 2025 walipita watazamaji milioni 4 kwa msimu, na kiti kinachogombewa hakiwi rahisi. Pesa yao kubwa ilianzia kwenye runinga: mkataba wa mwaka 2013 wa miaka 25, zaidi ya dola bilioni 8. Gharama yake ikawaangukia wakazi wa jiji, ambao kwa miaka kadhaa wengi hawakuiona timu yao kwa sababu kampuni za kebo zilikataa bei.

Braves wana uwanja uliofunguliwa 2017 nje kidogo ya Atlanta, umezungukwa na maduka na migahawa ambayo nayo inaiingizia klabu. Hisa zao zinauzwa sokoni, kwa hiyo mtu mwenye hamu anaweza kusoma hesabu zao, kitu adimu kwenye mchezo huu. Rays ndio wa familia yenye watoto wengi, kiti kilipatikana kwa urahisi siku zote. Ila Oktoba 2024 kimbunga Milton kiliupasua paa wa uwanja wao wa St. Petersburg, na msimu wote wa 2025 walicheza Tampa kwenye uwanja wa mazoezi wa Yankees, wenye nafasi ya watu kama 11,000. Kupanga nyumba kwa hasimu wako si jambo dogo.

Namna ya kuumia

Kila timu itakuumiza. Zinatofautiana namna.

Kwa Dodgers utaumia kwa kuonewa gere. Mkishinda, kijiwe kizima kitasema mmenunua. Mkishindwa, kicheko. Na mbele kuna uzee: Betts na Ohtani watakuwa wamekaribia miaka 40 mikataba ikielekea ukingoni, na bili ya daftari inaanza hapohapo.

Kwa Braves utaumia kwa kumwona mtoto wa nyumba akivikwa taji kwa jirani. Freeman alirudi Atlanta Juni 2022 na jezi ya Dodgers kuchukua pete yake ya ubingwa, akalia mbele ya waandishi na mbele ya uwanja. Oktoba 2024, mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Yankees, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi moja kwenye awamu ya kumi, besi zote zina watu, akauvusha mpira uzio na kumaliza mechi palepale. Haikuwa imewahi kutokea katika historia ya World Series, ndiyo fainali yenyewe. Najua mzee mmoja wa Atlanta aliyezima runinga, akaiwasha tena, akazima.

Kwa Rays utaumia mapema, kila mwaka, na kwa adabu. Mfano ni ule wa tarehe 27 Oktoba 2020, mechi ya sita. Snell anawaburuza Dodgers, amerusha mara 73 tu, Rays wanaongoza 1 kwa 0 kwenye awamu ya sita. Kocha anatoka, hesabu zinasema mtoe, anamtoa. Betts anayefuata anapiga, Dodgers wanageuza, kombe limekwenda. Miezi miwili baadaye Snell ameuzwa San Diego. Leo Snell na Glasnow wote wawili ni Dodgers, na wote wamevaa pete ya 2025. Shabiki wa Rays ninayemfahamu anasema yeye amelea, wengine wameoa.

Kwa hali yako

Kama huna muda wa kungoja na unataka Oktoba iwe na mechi za kutazama, shika Dodgers, na ujifunze kunyamaza kijiweni. Vilevile kama wewe ni mtu wa nyota: Ohtani anayerusha na kupiga kwa kiwango kile hatapatikana tena karibuni, na kumkosa kwa sababu ya hasira za bei ni kujinyima mwenyewe. Hii pia ndiyo ya aliyeko nyumbani Afrika Mashariki na anaamka alfajiri.

Kama una watoto na unataka wakue na jina moja ukutani, au unaishi kusini mashariki mwa Marekani, Braves wanakufaa. Andika jina la mwenye mkataba mrefu, Riley au Harris, usimwandike anayeingia mwaka wake wa mwisho. Kabla ya kununua tazama mkataba unaisha lini, kama unavyotazama tarehe kwenye kopo la maziwa.

Kama wewe ni wa hesabu, unayependa kujua kwa nini fulani kauzwa na nani kaja, na roho yako haivunjiki haraka, Rays watakupa mazungumzo ya mwaka mzima kwa bei ndogo. Kwa mgeni wa mchezo pia ni shule nzuri, maana timu isiyo na pesa inakulazimisha kuelewa mchezo wenyewe. Sikushauri kama umetokea kwenye timu nyingine iliyokuwa ikiuza kila mtu, moyo mmoja haubebi mbili.

Na kama hujaamua, huna haja ya kukimbilia. Mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unafikia mwisho tarehe 1 Desemba 2026, na suala la kikomo cha mishahara liko mezani. Mara ya mwisho mkataba ulipoisha, wamiliki walifunga milango kwa siku 99, kuanzia Desemba 2021. Ikipita sheria mpya, njia ya Dodgers inaweza kubanwa na ya Rays ikapata pumzi. Tazama msimu mmoja na tiketi za bei ya chini, bila jezi.

Mpwa amechukua Braves, kwa sababu ambayo haikuwa kwenye maswali yangu: jirani yake Mkongomani anazo chaneli zao na anapika vizuri.

Mwenzangu wa zamu yeye bado anavaa moja tu kati ya zile nne akitoka nje, ile ya Yankees. Yankees hawaandiki majina kwenye jezi zao, mgongoni ni namba peke yake. Wiki iliyopita mzee mmoja kwenye kituo cha basi alimsimamisha kumpongeza kwa kumkumbuka Roger Clemens, mrushaji wa zamani wa Yankees aliyevaa 22, naye akashukuru, akapanda basi.